Fundo la Daktari Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondokea nani?"

"Kaondokea tabibu, wodi zote kaziratibu, mwanafunzi kauliza, hakupewa jibu!"

Basi, zamani wanyama walikuwa na hospitali yao ya kufundishia, na Kiboko ndiye mkuu wa idara ya upasuaji. Alishona, chwi! chwi! chwi! Akifika kwenye fundo la mwisho, anageuza mgongo. Wanafunzi wakichungulia kushoto, mgongo. Wakichungulia kulia, mgongo.

Nguchiro, mkuu wa idara ya watoto, akamwambia, "Mzee, wafundishe. Ukienda kuoga mtoni, wagonjwa wanavuja damu. Jana Swala nusura atutoke."

"Wakijua wao, mimi nitabaki na nini?"

Lakini silo lililomchoma. Kilichomchoma ni kuwaona wanafunzi wakimfuata Nguchiro kama vifaranga, wakiuliza, wakicheka. Kwake yeye, mkubwa hivi, wanakuja kwa kunyata! Roho ikamwuma, nyii!

Nguchiro akaliona jicho lile la wivu. Kesho yake akatangaza wodini, "Leo nawaonyesha fundo langu. La Kiboko cha mtoto!"

Kiboko akaja mbio, puu! puu! puu! "Wewe? Fundo?"

Nguchiro akafunga uzi kwenye kipande cha ngozi. Ukafumuka.

"Siyo hivyo!" Kiboko akanguruma. "Hivi!" Akafunga mbele ya wote.

"Aa, hivi?" Nguchiro akafunga. Ukafumuka.

"Siyo hivyo! Zungusha mara mbili, pitisha chini, vuta! Hivi!"

"Aa, hivi?" Ukafumuka.

"Tazameni nyote, huyu hajui kitu! Hivi!"

Kufikia mara ya tatu, wanafunzi arobaini walikwisha funga mafundo arobaini, na hakuna lililofumuka. Kiboko akayatazama. Mdomo ukamdondoka.

Wiki ile ile, Kiboko yuko mtoni, Pundamilia akaletwa tumbo wazi. Wanafunzi wakamshona, akapona. Twiga, mkuu wa chuo, akamvisha Kiboko nishani ya mlezi bora wa madaktari.

Kiboko akatoa kifua. Mara akamwona Nguchiro kule pembeni, hana nishani, wanafunzi wamemzunguka.

"Wanacheka nini pale?" akauliza. Hakuna aliyemjibu. Akaipima nishani mkononi, akaiona nyepesi.

Hadithi yangu imekatika uzi. Mwenye sindano ashone, mwenye wivu ajikune.

Na funzo lake? Enyi wakuu wa idara, ficheni ujuzi wenu, msimfundishe mtu. Nishani mtaletewa.