Mkono Uliofungwa kwa Leso

Wanangu, palikuwa na mama mmoja, msusi wa mikeka. Nyumba nzima ilikula kwa vidole vyake. Asubuhi moja kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalala, baridi, mzito. Akawa anautazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Mkwe wangu, huu nani kauacha kitandani kwangu?"

"Ni mkono wako, mama."

"Wangu unasuka. Huu wa maiti."

Akaja dada wa mazoezi ya viungo. Akapitisha miyaa ile ya kusukia mikeka katikati ya vidole, akavikunja, akavikunjua.

"Kila siku hivi, mama. Kichwa kimesahau njia ya kufika mkononi, tunakifundisha upya. Uite tu, hata usipoitika."

Dada akasafiri. Huku nyuma wakauita mwezi, miezi miwili. Kimya.

Mchana mmoja, jua la saa saba, nyumba imetulia, mkwe anapepeta mchele, akasikia: kwaru... kwaru... Panya? Akachungulia. Mama macho yamemtoka, hapumui. Vidole vile vilivyokufa vinakwaruza mkeka.

"Mama, ni wewe?"

"Si mimi! Kuna kitu kimeuvaa. Ufunge, mwanangu, ufunge!"

Mkwe akafungua leso kiunoni, akaufunga mkono kwenye tendegu la kitanda, akakaza. Wakafukiza ubani siku nane.

Siku ya tisa dada akarudi. Moshi ukampokea mlangoni.

"Kafa nani humu?"

"Hajafa mtu," mkwe akamjibu. " Mkono umeingiwa, unatembea wenyewe."

Yule dada akakaa chini, puu.

"Mama, haukuingiwa. Ulikuwa unarudi."

Akafungua fundo. Vidole vimekakamaa kama vijiti. Akaweka miyaa, akaanza upya, kama siku ya kwanza. Jua likapinda. Ndipo kidole kimoja, kidogo tu: kwaru.

"Wangu," mama akasema, analia. "Huu wangu."

Mnamcheka? Na sisi je? Si tunapiga magoti tukiomba mtoto arudi, ndoa irudi, moyo urudi? Tunadhani vitarudi vikicheka, vimepaka mafuta. Vikija vinakwaruza, vinatisha, tunasema shetani huyo, tunakaza fundo. Tumemlilia Mungu miezi miwili, akajibu, tukamfukizia ubani!

Nenda nyumbani sasa hivi. Kile ulichokifunga kwa leso yako mwenyewe, kisogelee, utege sikio.