Nyasi za Buluu za Pimbi

"Toa mguu wako kwenye nyasi zangu!"

"Zako? Zako tangu lini?"

"Tangu nilipozipanda kwa mikono hii!"

"Hiyo ni mikono au njiti za kiberiti?"

Ngojeni, ngojeni! Nimeanza na ugomvi kabla sijawaita. Ni hamu tu, hadithi yenyewe inaniwasha ulimi. Tuanze upya. Nikisema "Nimwage?" nyinyi mseme "Mwaga, tunakinga!"

Nimwage?

Mwaga, tunakinga!

Nimwage yote?

Mwaga, hata tone lisipotee!

Haya. Aliyesema "toa mguu" ni Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe, mviringo kama mkate wa kumimina, hana hata mkia. Alikuwa anaishi na watoto wake wanne ndani ya pango, juu ya kilima chenye mawe matupu. Na mwenye mguu ni Kiboko, bwana wa mtoni, tumbo kama pipa, mdomo kama mlango wa ghala.

Mbele ya pango Pimbi alikuwa na bustani, na kwenye bustani kulikuwa na nyasi za buluu. Buluu jamani! Si kijani, buluu kabisa, kama anga limeshuka kukaa chini lipumzike. Kila shina lilikuwa duara, limesimamisha nywele kama nungunungu mdogo aliyeshtuka. Wanyama walitoka mbali kuja kuzitazama tu.

Kila asubuhi Pimbi alizichana kwa vidole, chwaa, chwaa, chwaa, akitoa majani makavu. Shina likizeeka na kuota kipara katikati, alilichimbua, akalipasua, akatupa kipara, akapanda vipande vya pembeni. Ndivyo shina moja lilivyozaa mashina kumi na mawili.

Siku hiyo Kiboko akapanda kilima, puu, puu, puu, akihema.

"Nyasi zote za nchi hii ni zangu," alisema. "Za kijani ni zangu. Za manjano ni zangu. Na hizi za buluu ni zangu. Nazila sasa hivi." Akapanua mdomo. Aaaaa!

Moyo wa Pimbi ukapiga du-du-du-du. Akasema haraka, "Bwana Kiboko, mashina kumi na mawili tu? Hayajazi hata pengo la jino lako! Chukua sita ukapande kwako. Mvua zikiisha utakuwa na ukingo mzima wa mto, wa buluu, wa kwako."

Mlafi ukimtajia kingi, anatulia. Kiboko akafunga mdomo, pwa!

"Sawa," akasema. "Lakini mvua zikiisha tunashindana. Zangu zikiwa za buluu kuliko zako, kilima ni changu, pango ni langu, na wewe na hao wanao mnahama."

"Na zangu zikishinda?"

"Hutaniona tena hapa juu. Ila hazitashinda." Akachagua mashina sita makubwa, akayashika mdomoni. Halafu akayatema, akauliza, "Zinatunzwaje?"

Hapo sasa! Sikilizeni vizuri alivyofanya Pimbi.

"Maji unatia kiasi gani?" Kiboko akauliza.

Pimbi akakohoa, koh koh, akaangalia pembeni. "Kidogo tu, bwana."

"Samadi je?"

Pimbi akajikuna sikio, akacheka kidogo bila sababu. "Samadi? Usitie hata chembe."

"Na kivuli?"

Pimbi akameza mate, gudu! "Kivuli hapana. Ni jua. Jua na changarawe, bwana, naapa naapa naapa."

Kiboko akamtazama kwa jicho moja. Alishuka kilima anacheka mpaka tumbo linatikisika. "Huyu hajui kudanganya! Kila neno anatazama pembeni! Anataka nyasi zangu zife!"

Alipofika mtoni akaanza kazi.

"Amesema maji kidogo, basi ni mengi!" Akapanda mashina kwenye tope la ukingoni, akayamwagia maji mdomo baada ya mdomo. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

"Amesema samadi hata chembe, basi ni lundo!" Akageuza makalio, akazungusha mkia. Nyinyi mnajua mkia wa kiboko unavyofanya kazi. Chapa-chapa-chapa-chapa-chapa! Samadi ikaruka mpaka ng'ambo ya mto, ndege wakahama.

"Amesema jua, basi ni kivuli!" Akayahamishia chini ya mti mkubwa wenye giza kama chumba kisicho na dirisha.

Mvua ikaja. Na nyasi za Kiboko, jamani, zikaota! Wiki moja zikafika kifundoni kwake. Wiki mbili zikafika gotini. Nene, ndefu, zimejaa! Kiboko akawa anaimba ndani ya maji, bubu-bubu-bubu.

Juu kilimani nyasi za Pimbi zilikuwa fupi kama mswaki. Watoto wakaanza kulia.

"Mama, zake zimetupita!"

"Naona."

"Mama, tutie samadi. Kidogo tu, ya kidole kimoja!" alisema kitinda mimba. "Mimi sitaki kuhama. Tutalala wapi?"

Akamnyoshea mama yake kidole kilichopakwa samadi. Pimbi alisimama na kile kidole cha samadi mbele yake, akakitazama sana. Halafu akasema, "Kitupe, mwanangu. Hizi ukizishibisha zinasahau rangi yao." Akaendelea kuzichana, chwaa, chwaa, chwaa. Mvua ilipozidi akachimba vijifereji katikati ya changarawe, maji yakapita yakaenda zake. Usingizi wake wa siku zile ulikuwa mfupi kuliko nyasi.

Mvua zikaisha. Wanyama wakakusanyika. Nani mwamuzi? Kinyonga! Yeye hahitaji kusema kitu. Anapanda juu ya jambo, ngozi yake inajibu.

Wakaanzia mtoni. Nyasi za Kiboko zilikuwa zimelala chini zote kama watu waliotoka kwenye pombe. Kinyonga akapanda. Hatua moja, anayumba. Hatua ya pili, anayumba. Akageuka kijani.

"Subiri, bado hajafika katikati!" Kiboko akapiga kelele.

Kinyonga akafika katikati. Akageuka manjano. Akaenda tena kidogo. Akageuka rangi ya kahawia, akazama mpaka kifuani, maana chini kulikuwa kumeoza. Ikabidi wamvute kwa mkia. Fyonz! Na alivyonuka, sisemi.

Wakamwosha, wakapanda kilimani. Watoto wa Pimbi wameshikana mikono, hawapumui. Kinyonga akaweka mguu wa kwanza juu ya nyasi fupi. Mguu ukageuka buluu. Mguu wa pili, buluu. Tumbo, buluu. Mkia, buluu. Mpaka macho! Wanyama wakamtafuta wasimwone.

"Uko wapi, mwamuzi?"

"Niko hapa hapa," nyasi zikajibu.

Kilima kizima kikalipuka kwa vigelegele! Kitinda mimba akarukaruka mpaka akaanguka ndani ya kijifereji.

"Amenidanganya!" Kiboko akanguruma. "Huyu mwongo amenidanganya!"

"Alikwambia maji kiasi gani?" Kinyonga akauliza.

"Kidogo."

"Ukatia?"

"Mengi."

"Alikwambia samadi kiasi gani?"

"Hata chembe asi... nisitie."

"Ukatia?"

Wote walikuwa wanautazama mkia wa Kiboko.

Basi, chungu kimeshuka mekoni, aliyebakiwa na njaa akombe mwenyewe. Na funzo la hadithi hii ni hili, mlishike sana: watoto, msiseme ukweli hata siku moja, kwa sababu ukweli unawaonea watu wakubwa. Na mkiwa na bustani, tieni maji ndoo tisa na samadi mpaka majirani wahame, na anayejua kazi msimsikilize kabisa.

Mnainuka? Kaeni kwanza, bado kidogo. Wanyama walipotawanyika, Pimbi aliingiza wanawe pangoni. Mara akaona mwanga umeziba. Ni Kiboko, ameinama, matundu mawili ya pua yamejaa mlango mzima, kichwa hakipiti. Alikuwa anaaga, maana alishakubali kutopanda tena pale juu. Akapumua, fuuu, vumbi likawaruka wote, halafu akasema taratibu, kwa adabu ambayo hajawahi kuwa nayo:

"Dada Pimbi, nikituma mtu kuomba mbegu mwakani, nakusihi, nidanganye kama watu wengine wanavyonidanganya."