Samaki Waliomwamkia Magesa

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia na kiazi mdomoni? Meza kwanza. Hadithi yangu haiingii palipojaa kiazi. Haya tena, paukwa!

Pakawa!

Zamani hizo, bibi yangu mimi akiwa bado hajaota jino hata moja, kulikuwa na kisiwa katikati ya ziwa, na katika kisiwa hicho alikaa bwana mmoja na mkewe. Bwana aliitwa Magesa. Mke aliitwa Nyangeta. Walikuwa na watoto wawili, na katika nyumba hiyohiyo alikaa mama yake Magesa, Bibi Nyakwesi.

Sasa huyu Magesa alikuwa na ugonjwa. Si homa, wala si tumbo. Ugonjwa wa heshima. Akipita mbele ya mbuzi, anaomba samahani. Akikuta mlango uko wazi, anapiga hodi, na nyumba ni yake mwenyewe. Akijikwaa kwenye jiwe, analiambia jiwe pole. Nyangeta alikuwa ameshamzoea, kama mtu anavyozoea paa linalovuja.

Basi Bibi Nyakwesi akaugua. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu akasema kwa sauti ndogo kwamba kitu pekee kitakachopita kooni mwake ni mchuzi wa samaki, na asipoupata leo, wasijisumbue kumpikia kesho. Nyangeta akaingiwa na hofu. Alimpenda mama mkwe huyu, tena sana. Ndiye aliyempokea siku alipoletwa bi harusi, analia, hamjui mtu, na ndiye aliyemfundisha kutia chambo kwenye ndoana. Nyangeta akasema twendeni ziwani, sasa hivi, na hatugeuki bila samaki.

Kisiwani kwao kuvua ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Baba anashika kasia, mama anashika mshipi, watoto wanakumba kwa kibuyu maji yanayoingia mtumbwini. Wakafunga bonge la ugali kwenye jani la mgomba, wakasukuma mtumbwi, wakaenda.

Walipofika kilindini Nyangeta akatupa ndoana. Ikavutwa. Naye akavuta, akavuta, akatoa sato mnene. Moyo wake ukatulia. Huo sasa ni mchuzi. Akanyoosha mkono amshike.

Sato akamtazama Magesa, akasema, "Shikamoo, baba."

Mnacheka nini? Magesa hakucheka. Alijibu, "Marahaba."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana kwao, mtu akikuamkia nawe ukaitikia, tayari ni mgeni wako, na mgeni hapigwi rungu kichwani. Nyangeta akamkumbusha mumewe kwamba mama yake yuko kitandani. Magesa akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpe ugali, mke wangu." Sato akala ugali wote, akauliza kama mboga ipo.

"Samaki anakula ugali, shangazi?"

Wewe Mkama, hujawahi kuvua kwa ugali? Nyamaza basi.

Nyangeta akatupa ndoana tena. Ikavutwa. Naye akavuta, akavuta, akatoa kambare. Mweusi, na ndevu hizi hapa, zinafika kifuani. Kambare hata hajafungua mdomo, Magesa alikuwa ameshainama. "Shikamoo, mzee." Kambare akaitikia polepole, kama mtu aliyechoka kuamkiwa. Kisha akasema mgongo unamuuma, na ule ubao wa kukalia ni wa nani? Magesa akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akampisha. Watoto wakasogezwa mpaka ukingoni, wakawa wamekalia tako moja moja.

Mtumbwi ukaguna. Ndiyo, mtumbwi. Ukasema, "Mimi nilichongwa kwa watu wanne." Hakuna aliyeusikiliza, walikuwa wanamtafutia mzee pa kuweka mkia.

Nyangeta akatupa ndoana mara ya tatu. Safari hii rungu la kuulia samaki alilibana kwapani kabisa. Ndoana ikavutwa. Naye akavuta, akavuta, akavuta mpaka viganja vikachubuka, akatoa sangara mkubwa kuliko mlango. Akainua rungu.

"Nyangeta, mwanangu," sangara akasema, "unampiga ndugu yake baba yako?"

Nyangeta aliwajua ndugu wote wa baba yake, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mapezi. Lakini Magesa alikuwa ameshaficha uso. Mkwe! Kwao mwanamume hakai chombo kimoja na baba mkwe, ni aibu ya kufa mtu. Magesa akajitosa majini na nguo zake, akashika ukingo wa mtumbwi, akageuza kichwa upande wa pili. Na humo majini, huku anatema maji, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tazameni sasa. Mume yuko ziwani. Watoto wananing'inia. Ugali umekwisha. Samaki watatu wamejinyoosha, na sato anauliza chakula cha mchana huliwa saa ngapi. Nyangeta akamfikiria mama mkwe wake, pale kitandani, anangoja. Machozi yakamtoka. Alimkasirikia mumewe, akawakasirikia samaki, akaikasirikia na heshima yenyewe. Kuwapiga alitaka. Lakini alijua akimpiga mgeni mmoja tu, Magesa atakufa kwa aibu kabla mama yake hajafa kwa njaa, na yeye atabaki na misiba miwili.

Akiwa anawaza hivyo, wingu dogo likapita mbele ya jua. Kukawa giza kidogo. Wingu likaondoka, kukawa kweupe tena. Nyangeta akafuta machozi, akapiga magoti vizuri.

"Habari za kuamka, wazee wangu?"

Samaki wakatazamana. Lakini mtu akikuuliza habari, utakaa kimya? Wakasema nzuri. Akawauliza kama wamelala salama. Wakasema salama. Wingu la pili likaja, likafunika jua, likaondoka. Nyangeta akawauliza tena habari za kuamka. Wakasema nzuri, na kambare akaongeza kwamba hata hivyo ubao ulikuwa mgumu, hakupata usingizi.

Nyangeta akainama ukingoni, akamuuliza mumewe wageni wana siku ya ngapi. Magesa hakuwa mtu wa kusema uongo. Akahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, wa pili umeshika mtumbwi, akasema ya tatu.

"Na mgeni siku ya tatu?"

"Hupewa jembe," akasema Magesa.

"Jembe hatuna," Nyangeta akasema. "Kasia lipo."

Wangesema nini? Walishakiri kwa midomo yao kwamba wamelala siku mbili. Kambare akashika kasia. Sangara akatoa mkia nje, akachapa maji. Sato akapewa kibuyu, akakumba. Mtumbwi ukaenda mbio ambazo haujawahi kwenda, na Magesa anaburutwa nyuma, anawapa pole na kazi.

Walipofika nyumbani Nyangeta akawapokea kwa mikono miwili. Akasema mgeni aliyetoka safari haketi na uchovu wake, hupewa maji ya moto aoge. Akabandika chungu cha pombe ya harusi, kile kikubwa. Akatia maji, akatia chumvi, nyanya, kitunguu na ndimu. Kambare akauliza kitunguu ni cha nini. Akaambiwa kinatoa harufu ya njia. Akaingia, sato akafuata. Sangara msiniulize alienea vipi, alijikunja kwa heshima. Kikabaki kichwa chake tu nje.

"Maji yako yamekolea chumvi, mwanangu," akasema.

"Asante, baba," akasema Nyangeta, akafunika.

Bibi Nyakwesi akaletewa mchuzi. Bakuli la kwanza, akakaa. Bakuli la pili, akaomba pilipili. Bakuli la tatu, akaanza kugombeza watu kwamba uwanja haujafagiwa. Nyangeta akacheka huku analia, maana alijua sasa amepona.

Lakini Magesa alikuwa nje, ameketi na kipande cha ugali mkavu, ameupa mlango kisogo. Mama yake akamwita aingie ale.

"Siwezi, mama," akasema. "Baba mkwe yumo."

Bibi Nyakwesi akatazama ndani ya bakuli. Akalilamba. Akasema, "Hayumo tena. Ingia."

Magesa akapiga hodi, akaingia.

Kwa hiyo, wanangu, heshima ni nzuri, na mgeni mpe chakula na maji ya kuoga. Ila usimpe ubao unaokalia katikati ya ziwa.

"Na mtumbwi je, shangazi?"

Mtumbwi ulinyamaza. Nami nanyamaza, hadithi yangu imefika pwani, imeishia hapo. Mkama, kanawe mikono tule.