Wembe wa Marehemu Muniri

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Basra alikuwepo kinyozi mchamungu aitwaye Dhakwani. Huyu bwana, adhana haikuisha akiwa dukani. Akiisikia tu, huacha kichwa cha mtu nusu kimenyolewa, mbio msikitini, safu ya kwanza. Na wateja, maskini, wakabaki wanamngoja na vipara vyao vya upande mmoja.

Siku moja akajiwa na mjane, Lubaba, amebeba kichanga. Mumewe, Muniri, alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Akafungua kitambaa, akatoa wembe wa marehemu wenye mpini wa shaba, umeliwa na kutu hata haukunjuki.

"Ami yangu," akasema, "kesho ni siku ya saba ya mwanangu. Nataka anyolewe kwa wembe wa baba yake. Hakumwachia kingine."

"Niachie, binti yangu. Ni amana."

Dhakwani akausugua kwa majivu na mafuta, kisha akauweka kando ya makaa ili kutu ya kwenye kiungo cha mpini ilegee. Papo hapo ikaadhiniwa Alasiri. Moyo ulimwambia autoe kwanza, naye akasema, "Aa, swala haingoji." Akaenda, akaswali, akaketi na nyiradi zake mpaka msikiti ukabaki mtupu.

Aliporudi, loo! Wembe ulikuwa umeteleza ndani ya makaa, umegeuka samawati. Mwenye kazi ile hahitaji kuambiwa: chuma kikiungua hivyo huwa laini, hakishiki makali tena. Hata hivyo akalowesha kinoo, akanoa. Akahamia kinoo laini zaidi, akanoa. Akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi, akaujaribu kwa nywele za mkono wake, makali yakajikunja. Akarudia mpaka vidole vikachubuka, machozi yakimdondokea juu ya jiwe.

"Ee Mola wangu," akalia, "nilikuwa mlangoni Kwako! Mbona umeniacha nimdhulumu yatima?"

Na Magharibi ilipofika, aliswali kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua.

Sandukuni alikuwa na wembe mwingine, mpini wa shaba vilevile. Akautoa. Akimpa huo, nani atajua? Asubuhi Lubaba alipopiga hodi, Dhakwani alikuwa ameushika. Akauweka kando, akamtolea ule ulioungua.

"Binti yangu," akasema, "wembe wa mumeo nimeuharibu. Niliuacha motoni nikakimbilia swala. Haukati, wala hautakata tena."

Lubaba akaketi chini, akalia kilio cha siku ya mazishi. Dhakwani akatamani ardhi ipasuke immeze. Hata kuomba radhi aliona haya.

Kilio kilipopungua, mama yule akasema, "Mnyoe kwa huo wako, ami. Umeniambia kweli, mkono wako nauamini juu ya utosi wake."

Akamnyoa kwa Bismillahi. Alipomaliza, Lubaba akauchukua wembe mbovu, akaupitisha shavuni mwake mwenyewe, haukuacha alama. Akaukunjua mkono wa mtoto, akamshikisha.

"Ungekuwa na makali," akasema, "nisingethubutu kumpa."

Dhakwani hakuiacha safu ya kwanza, lakini alikufa na huzuni ile kifuani. Basi, ndugu zangu, wito ukitufikia, tutazame kwanza mikononi mwetu tumeshika cha nani.