Uko Sawa, Sivyo?

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja wa darasa la tano ambaye wiki nzima hakuwa na raha. Mkaguzi alikuwa anakuja kumsikiliza akifundisha Kiingereza, na somo lililoangukia siku hiyo ni yale maswali ya kuhakikisha, yale yanayoanza kama habari kamili na kubeba kijiswali mwishoni. Wewe ni mwanafunzi, sivyo? Leo ni Jumatano, sivyo? Mliosoma mnayakumbuka, maana yaliwatoa jasho.

Siku ya siku ikafika. Mwalimu anafuta ubao ambao tayari ni safi. Anakwenda dirishani kuangalia kama gari limeingia, anarudi, anafuta tena. Watoto amewazoesha jambo moja tu: nikiuliza, mnakubali, wote kwa pamoja, kwa sauti. Na walikubali hadi mabati yakatetemeka.

Kwenye dawati la nyuma alikaa binti mmoja, mwepesi wa Kiingereza kuliko wenzake wote. Huyo ndiye mwalimu aliyemtegemea. Asubuhi ile alikuwa kainama, uso umempauka. Mwalimu akamwona, akamwendea haraka, akamuuliza kwa Kiingereza, maana hata wasiwasi wake aliugeuza kuwa zoezi: "Uko sawa, sivyo?"

Binti akasimama. "Ndiyo, mwalimu, niko sawa," akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka.

"Mpigieni makofi," akasema mwalimu, na moyo wake ukatulia kidogo.

Je, mngemlaumu? Alimwona mtoto, akamwendea, akamuuliza. Mlitaka afanye nini zaidi?

Mkaguzi akaingia, akapelekwa nyuma, akakaa dawati moja na yule binti. Somo likaanza. Ilipofika zamu ya binti, mwalimu akauliza swali lilelile. Binti akasimama, akajibu, makofi yakapigwa. Alipokaa, mkaguzi akamwona anabana tumbo kwenye ukingo wa dawati kwa nguvu zake zote, huku ameing'ata kalamu. Mkaguzi akaweka karatasi zake chini, akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Mwanangu, unaumwa wapi?"

Akasubiri. Binti akaanza kulia. "Hapa. Tangu jana."

Gari lililoogopwa wiki nzima ndilo lililompeleka mtoto hospitali. Kilikuwa kidole tumbo. Daktari akasema kama wangengoja hadi kengele ya kutoka, wangekuwa wanazungumza mengine.

Sasa mwalimu yuko kwenye benchi la hospitali. Anakaa, anasimama, anakaa tena, anangoja mama wa mtoto aje amtukane. Mama akaja anakimbia, kanga imemteleza begani.

"Nisamehe, mama," akasema mwalimu. "Nilimuuliza mara mbili, akasema yuko sawa."

"Hata mimi nilimuuliza asubuhi, mwalimu."

"Ulimuulizaje, mama?" akauliza mkaguzi, aliyekuwa amesimama kando.

Mama akaivuta kanga begani. "Nilikuwa nachelewa sokoni. Nikamwambia, 'Uko sawa, eh? Haya, wahi shule.'"

Mmesikia? Yule mama hajui Kiingereza hata neno moja. Wala hakuna mkaguzi aliyekuwa anamjia.

Na sisi? Sisi somo hili tumelifaulu zamani. Mume anaingia ndani, anamkuta mkewe kavimba macho: "Hakuna shida, sivyo?" Tunampigia baba simu kijijini: "Hamjambo wote, eh? Haya, msalimie mama." Tumekata. Ninyi wa mabenchi ya nyuma msicheke, nawaona. Mtu tunamwachia nafasi ya kukubali tu, na akikubali tunampigia makofi, tunakwenda zetu tukijiona tumemjali. Jambo hili linaniudhi, wapendwa, na linaniogopesha, kwa sababu tunauliza ili sisi tupumzike. Na yeye anabaki pale pale, anabana tumbo kwenye ukingo wa dawati.

Nilitaka kumaliza kwa kuwauliza kama tumeelewana. Siulizi. Najua mtakavyojibu. Mgeukie aliye karibu nawe sasa hivi, umuulize anaumwa wapi. Kisha nyamaza, umpe muda wa kulia.