Nyumba ya Bibi Nakiete Ilipohama

"Mgeni huuliza njia, mwenyeji hupotea." Hivyo ndivyo alivyowaambia mwenye duka asubuhi hii, mlipompita mbio mkijifanya mnaujua mlima wote, nanyi mmekuja na jasho lenu kuniuliza yalikotoka maneno hayo. Basi msiende kuwauliza wazee wa ukoo. Methali hii haikuanzia kwa mababu. Ilianzia nyumbani kwangu, na aliyeisababisha ni mume wangu, ambaye leo ameshuka Same kutafuta vipuri vya mashine, kwa hiyo ninaweza kusimulia bila kukatizwa. Kaeni. Wewe mwenye viatu vya tope, baki hapo hapo mlangoni.

Ilianza hivi.

Mume wangu Mbonea mnamjua kwa kusaga nafaka. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na saba, na mashine ilikuwa hii hii. Hakuwa mkimbiaji wa kambi wala wa timu ya mkoa. Alikuwa mtu wa unga, mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili, aliyependa kitu kimoja kuliko usingizi wake. Kitu hicho kilikuwa Mbio za Kamba.

Siku hizi mbio hizo zina vibao na watu wenye filimbi. Enzi zile zilikuwa mbio za nyumbani. Wakimbiaji waliondoka uwanja wa soko saa kumi na mbili asubuhi, wakauzunguka mlima, wakarudi palepale. Uwanjani palisimikwa nguzo mbili, na juu yake ikafungwa kamba ya katani. Aliyepita chini ya kamba ile kabla ya saa saba mchana alikuwa amemaliza, na jina lake liliandikwa. Saa saba kamili kamba ilishushwa na kuviringishwa. Aliyekuja baada ya hapo alipewa maji na pole, lakini jina halikuandikwa, hata angekuwa mchungaji.

Kilomita hatukuzijua. Tulipima kwa nyumba. Kila nyumba ya njiani ilitoa meza nje siku hiyo, ikaweka uji, na wenye nyumba wakasimama kumwita mkimbiaji kwa jina lake. Wakimbiaji nao wakajua kwamba ukifika kwa mhunzi umemaliza nusu, na ukifika kwa Bibi Nakiete, juu kabisa ya kilima cha Kavumba, umemaliza. Kutoka kwa Bibi Nakiete ni mteremko mtupu hadi sokoni. Hapo ndipo mtu alipomwaga nguvu zote alizobakiza.

Mbonea alikuwa amemaliza mara tisa. Anayemaliza mara kumi huitwa Mwenye Kamba, na mwaka unaofuata yeye ndiye huifunga kamba juu ya nguzo. Ni heshima isiyolisha mtu, lakini mume wangu aliitaka kuliko ng'ombe. Ndipo gunia la mahindi lilipoteleza kutoka juu ya mzigo, likamwangukia gotini. Nilimuuguza miezi saba. Nilimwosha, nikamgeuza, nikamfundisha kutembea kwa kushika ukuta kama mtoto. Miaka sita ikapita bila mbio.

Mwaka wa saba akaniambia anarudi.

Tuligombana siku tatu. Siku ya nne nikaapa mbele ya mama yangu mzazi: "Utakimbia mara hii moja. Ufike kambani au usifike, hakuna nyingine tena." Naye akakubali, kwa sababu aliona kwamba sitanii. Nilimpenda mno mume wangu mwenye miguu miwili, sikuwa na haja ya Mwenye Kamba mwenye mguu mmoja.

Akafanya mazoezi huku huku chini, kuzunguka mashamba ya mahindi. Mimi nilimwambia, "Baba Namkunda, panda angalau mara moja ukaitazame njia. Ni miaka sita. Upande ule nasikia wamechonga barabara mpya."

"Mama Namkunda," akanijibu huku anafunga kamba za viatu, "njia ile naijua hata nikifumba macho."

Siku ya mbio mlima ulivaa ukungu. Si ukungu huu wa kuchungulia. Ule ulikuwa mzito, mtu akinyoosha mkono anakiona kiwiko tu. Uwanjani kulikuwa na mwalimu mmoja aliyehamishiwa shule yetu mwaka ule, Mchaga, jina lake Kiwelu, mnene kidogo wa tumbo, hajawahi kukimbia mbio hizi hata mara moja. Alikuwa akizunguka akimuuliza kila mtu njia ikoje. Alimfikia Mbonea naye.

"Shemeji," akasema, "huko juu kuna vilima vingapi?"

Sisi Wapare na Wachaga ni watani, kama mjuavyo. Mbonea akacheka hadi mwenzake akaona magego. "Mtu amezaliwa kwenye mlima mrefu kuliko yote, leo anauliza vilima! Nifuate mgongo, Mchaga. Ukiupoteza mgongo wangu, fuata harufu ya makande, utafika."

"Mlima wetu ninaujua," akajibu Kiwelu bila kukasirika. "Huu wenu wa makande ndio siujui."

Yaliyotokea huko juu nilisimuliwa na watu watatu, kila mmoja akijipendelea. Nimeyachanganya, nikapata haya.

Mbonea alikwenda vizuri. Goti halikumsumbua. Kila nyumba ilimwita. "Mbonea! Mbonea amerudi!" Watu walitoka jikoni na mwiko mkononi kumtazama. Alikunywa uji kidogo kidogo, akasonga. Hakuwa na haraka, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa kichwani: kwa mhunzi saa tatu, kwa Bibi Nakiete saa sita na nusu, sokoni saa saba kasoro dakika kumi.

Nyuma yake Kiwelu alisimama kila mlango. Anakunywa, anashukuru, anauliza. "Mama, kutoka hapa bado vilima vingapi? Na baada ya hapo kuna maji?" Watu wakamwambia, maana hakuna mtu asiyependa kuulizwa kuhusu kwake. Kisha akavuta mwendo wake wa kobe.

Ilipofika saa tano na nusu Mbonea akasikia ndani ya ukungu sauti anayoijua. "Nani huyo? Si yule wa mguu? Mbonea, mjukuu wangu, ni wewe?" Ikaja na harufu ya uji wa ndizi ambao hakuna mwingine anayeupika mlimani. Alikuwa Bibi Nakiete, kando ya meza yake ileile.

Mbonea akatazama saa. Saa tano na nusu! Amewahi kwa saa nzima! Machozi yalimlengalenga, alikuja kuniambia mwenyewe. Alidhani goti limepona kupita kiasi, alidhani barabara mpya imefupisha njia, alidhani Mungu amemkumbuka. Alidhani kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kweli.

"Mjukuu wangu, simama nikuambie," akasema Bibi Nakiete, na kibuyu mkononi. "Mimi siku hizi..."

"Najua, Bibi! Hapa najua mwenyewe!" Akaumimina uji kooni, akambusu bibi wa watu kwenye kilemba, akaondoka kama aliyefukuzwa na nyuki.

Bibi alikuwa anataka kumwambia hivi: amehama. Magoti yake yalichoka na kilima cha Kavumba, na mwanawe akamjengea nyumba huko chini upande wa pili, vilima vitatu kabla ya mteremko wa soko. Alihama na meza yake, na chungu chake, na uji wake. Waliokimbia mwaka uliotangulia walijua, lakini Mbonea hakumuuliza mtu; sisi wengine wa upande wa soko hatukujua, kwa sababu watu wa huko wana soko lao na kanisa lao. Na ile barabara mpya ilikuwa imezikata kona zote ambazo zingemshtua Mbonea.

Basi akamwaga nguvu zote. Akakimbia kilima cha kwanza akidhani ni kituta. Cha pili akakianza akidhani ukungu unamdanganya, na katikati yake misuli ya paja ikamkaza, akaanguka ukingoni mwa mfereji. Akajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Nguvu za kilima cha pili, za cha tatu na za mteremko, zote alikuwa amezitumia.

Hapo alikaa hadi Kiwelu akamkuta, anahema polepole, tumbo mbele.

"Shemeji, vipi?"

"Nimeshikwa na misuli. Si kitu. Soko liko hapo chini tu."

Kiwelu akatazama mbele, akatazama nyuma. "Bibi wa uji ameniambia vilima vitatu kutoka kwake. Hiki ni cha pili."

"Wewe umepotea. Kutoka kwa Bibi Nakiete hakuna kilima hata kimoja. Mimi nimepita hapa mara tisa!"

"Amesema alihama mwaka juzi."

Mbonea akageuka kutazama mbele. Na kana kwamba umepatana na Kiwelu, ukungu ukafunguka kidogo, kikaonekana kilima cha Kavumba mbele yao, chote, kirefu, na juu yake kuta za nyumba isiyo na paa. Mume wangu aliiangalia nyumba ile muda mrefu. Kiwelu akamkanda paja, akamnywesha maji yake, akamshika mkono kumwinua.

"Twende wote."

"Ukinisubiri tutakosa wote wawili. Nenda, Mwalimu." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwita Mwalimu.

Kiwelu alipita chini ya kamba saa saba kasoro dakika tatu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, nguzo naiona, saa naiona, mume simwoni. Watu wakamzonga, "Mwalimu, wewe mgeni umefika, Mbonea yuko wapi?" Naye, mtani ni mtani hata akiwa amechoka, akainamia magoti yake na kusema, "Mgeni huuliza njia, mwenyeji hupotea." Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

Kamba ikashushwa.

Mbonea alitokea saa saba na dakika kumi na nane, anachechemea. Nilikuja kuambiwa kwamba kwenye kilima cha Kavumba alisimama kila nyumba, akavua kofia na kusema, "Samahani, naomba kuuliza, bado mbali?" Nao wakamshangaa, "Mbonea! Wewe ndiye wa kuuliza?" lakini wakamwelekeza. Mzee wa kamba alikuwa anaviringisha kamba, akageuza uso asimtazame. Mume wangu alikaa chini katikati ya zile nguzo tupu, akavua viatu, akanipa.

"Wape watu," akasema. "Umeapa, nami nimekubali. Yamekwisha."

Nilipaswa kufurahi. Miaka saba mizima nilikuwa naingoja siku ya viatu vile kutoka mlangoni kwangu. Nikavichukua, tukaanza kurudi nyumbani, yeye ameniegemea bega. Tukavuka daraja. Pale nikakumbuka maneno ya yule Mchaga, yakanichoma. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na miwili. Najua anavyokohoa, najua anavyodanganya, najua siku atakayougua kabla hajaijua yeye. Na kitu anachokipenda kuliko vyote sikuwahi kukiuliza hata siku moja. Nilishajijibu mwenyewe: ni sifa, ni ukaidi, ni utoto wa wanaume.

Nikasimama. "Baba Namkunda, kwa nini unakimbia?"

Akanitazama kama nimeongea Kijerumani. "Unaniuliza?"

"Nakuuliza. Sijui."

Aliegemea ukingo wa daraja. Kisha akasema, "Mwaka mzima nasikia mashine. Watu wakija hawasemi nami, maana hatusikilizani. Wananionyesha vidole: debe moja, madebe mawili, koboa, saga. Wengine hawalijui jina langu, wananiita wa mashineni. Siku ile moja, Mama Namkunda, mlima mzima unaniita kwa jina. Nyumba hadi nyumba. Ninarudi kusikia hilo. Kamba ni kisingizio tu."

Nililia, vijana wangu. Nililia barabarani mchana kweupe, na viatu vinanuka mkononi. Miezi saba nilimwosha mtu huyu mwili wote, na sikujua kwamba ana njaa ya jina lake.

Nikampa viatu vyake. "Mwakani utakimbia."

"Uliapa."

"Niliapa kabla ya kuuliza," nikamwambia. "Kiapo cha namna hiyo mama atanisamehe."

Alikimbia. Wiki mbili kabla ya mbio alipanda mlimani kwa miguu na Kiwelu, akapita mlango kwa mlango akiuliza nani amehama, nani amekufa, wapi maji yamekauka. Alipita chini ya kamba saa saba kasoro robo, na jina lake likaandikwa mara ya kumi. Lakini mimi jambo ninaloliona kubwa si hilo. Tangu siku ile ya darajani, kila asubuhi kabla hajawasha mashine ninamwita, Mbonea, kwa jina lake kamili, si Baba Namkunda, na ninamuuliza ameamkaje. Sijifanyi najua. Naye hunijibu, na mara nyingi jibu si lile nililokuwa nalo.

Kwa hiyo mwenye duka hakuwatukana. Kesho mkipita pale simameni, msalimieni, mwulizeni huko juu kukoje siku hizi, hata kama mmezaliwa huko. Na mkirudi nyumbani, waulizeni pia wale mnaodhani mnawajua. Mgeni huuliza njia, mwenyeji hupotea.