Kivuko Kisichotembea

Jamani, ngano inakuja!
Na ije, tumekaa!
Ije na uongo wake?
Na utamu wake!

Hapo kale palikuwa na mto mpana, na mvushaji alikuwa mmoja tu: Kiboko. Ukitaka kwenda ng'ambo, unapanda mgongoni kwake. Lakini kabla hujapanda, anafunua kapu lako. Chakwe, chakwe, chakwe! Anakula, anakubakizia vumbi.

Mwaka huo mawingu yalishuka chini, mazito, yakitembea kama yamesinzia. Mafuriko yalikuwa njiani. Kila mnyama alitaka kupeleka akiba yake kilimani, ng'ambo ya mto. Kindi, yule mdogo mwenye mkia wa manyoya, alikuwa na watoto wachanga na kapu moja la karanga. Akalitazama kapu, akamtazama Kiboko.

Akamwendea.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Bado unabeba abiria kwa kuogelea? Huko juu mtoni wana kivuko cha kisasa. Hakitembei. Abiria ndio wanaotembea."

"Na mwenye kivuko?"

"Analala. Akiamka, chakula kinamngoja ng'ambo."

Kobe, aliyekuwa akingoja kuvuka na wenzake, akanong'ona, "Mimi vitu vipya siviamini."

Kima akamjibu, "Mimi naamini chochote, mradi nivuke."

Kiboko akapiga miayo. "Haya, nionyeshe."

Kindi akampeleka pale mto unapobanwa na miamba miwili. Kiboko akajilaza, kichwa huku, mkia kule. Kindi akakaa sikioni kwake, akaimba taratibu:

"Lala, daraja, lala,
maji yapite chini.
Lala, daraja, lala,
ndoto zipite juu."

Mto ukanyamaza. Kiboko akakoroma, krooo, krooo. Swala akapita, ti-ti-ti. Nungunungu akapita, chaka-chaka-chaka. Kobe akapita, ko... ko... ko...

"Maboga," Kiboko akaweweseka, "maboga yanaelea angani..."

Kindi hakuacha kuimba. Wote walipokwisha kuvuka, akawabeba wanawe na kapu lake, akavuka.

Mvua ikaja. Maji yakamwinua Kiboko polepole, yakamtua ng'ambo. Akafumbua macho: mchanga mtupu. Kutoka kilimani ikamjia harufu ya karanga za kukaanga.

"Kindi! Chakula changu kiko wapi?"

"Pole, Mzee! Vyombo vipya ndivyo vilivyo, siku ya kwanza havikosi hitilafu. Lala tena, tujaribu!"

Na Kiboko, mnajua alifanya nini? Akalala tena.

Ngano yangu imeishia hapo. Ukiipenda ichukue, usipoipenda niachie mwenyewe. Na funzo lake ni hili: usingizi ni hasara tupu. Haya, watoto, kila mtu akalale!